Kuhesabu Maneno Ndani ya Mafaili Yaliyobanwa

Faili la zipu hubeba taarifa nyingi kuhusu nyaraka zilizomo ndani yake. Mwishoni mwake kuna orodha inayotaja jina la kila waraka, tarehe ulipobadilishwa mara ya mwisho, ukubwa wake kabla na baada ya kubanwa, pamoja na namba ya uhakiki inayoonyesha kama waraka umeharibika njiani. Idadi ya maneno haimo katika orodha hiyo, wala haiwezi kukisiwa kutokana na ukubwa. Barua ya ukurasa mmoja yenye picha ya nembo inaweza kuwa na baiti nyingi kuliko mswada wa riwaya nzima.

Hata hivyo, idadi hiyo ndiyo inayotafutwa kila siku. Mfasiri hulipwa kwa neno. Mteja humtumia nyaraka thelathini ndani ya faili moja na kutaka bei kabla ya jioni. Mhariri anataka kujua ni makala zipi zimevuka kikomo. Mwanaisimu anataka kujua kopasi yake, yaani mkusanyiko wa maandishi anaouchunguza, ina ukubwa gani. Wengi hufungua faili la zipu, wakafungua waraka mmoja mmoja, wakasoma namba iliyoandikwa chini ya dirisha na kuijumlisha kwa kikokotoo. Kwa nyaraka tatu, njia hiyo inatosha. Kwa nyaraka mia tatu ni mateso, na makosa hayaepukiki. Kompyuta inaweza kuifanya kazi yote kwa sekunde chache, ila lazima kwanza ielekezwe maneno yako wapi, na neno litambuliwe kwa kanuni gani. Maswali hayo mawili ndiyo yenye uzito. Kujumlisha ni jambo dogo.

Muundo wa zipu ulitolewa mwaka 1989 na Phil Katz, mtunzi wa programu wa Marekani, kupitia kampuni yake ya PKWARE. Herufi PK, za mwanzo za jina lake, bado zinaonekana mwanzoni mwa mafaili ya zipu hadi leo. Katz aliyaweka hadharani maelezo ya muundo huo, kila mwenye ujuzi akaweza kutunga programu ya kuusoma, na hiyo ni sababu kubwa ya zipu kuenea kote ulimwenguni.

Njia ya kubana inayotumiwa na mafaili mengi ya zipu huitwa Deflate, nayo imeunganisha mawazo mawili ya zamani zaidi. La kwanza lilichapishwa mwaka 1977 na Abraham Lempel na Jacob Ziv wa Israeli. Programu inaposoma maandishi hukumbuka baiti 32,768 zilizotangulia. Ikikutana na mfululizo wa herufi uliokwisha kupita, haiuandiki tena, bali huandika namba mbili tu: ya kwanza inaeleza kurudi nyuma umbali gani, ya pili kunakili herufi ngapi. Katika mkataba ambamo maneno “Jamhuri ya Muungano wa Tanzania” yanajirudia kila aya, maneno hayo huandikwa kikamilifu mara moja, na penginepo hubaki namba hizo mbili. Wazo la pili ni la David Huffman, aliyelichapisha mwaka 1952: alama inayotokea mara nyingi ipewe msimbo mfupi, inayotokea kwa nadra ipewe mrefu. Katika maandishi ya Kiswahili, herufi a hutokea mara nyingi kuliko herufi nyingine zote, kwa hiyo hupata msimbo mfupi. Herufi x, inayoonekana katika majina ya kigeni tu, hupata mrefu.

Kwa anayehesabu maneno, matokeo ya ubanaji huo ni kwamba nafasi zilizokuwa kati ya neno na neno zimetoweka. Nyingine zimemezwa ndani ya zile namba mbili, nyingine zimegeuzwa kuwa misimbo isiyoanzia wala kuishia kwenye mipaka ya baiti. Mfumo wa Unix una programu ndogo ya kuhesabu maneno, iitwayo wc, iliyokuwamo tangu toleo la kwanza la mwaka 1971. Ikielekezwa kwenye faili la zipu moja kwa moja, hutoa namba bila kusita. Namba hiyo haina maana yoyote, kwa kuwa imehesabu baiti ambazo kwa bahati tu zimefanana na nafasi. Hakuna onyo linalotolewa, na ndiyo maana kosa hili ni la hatari: jibu lina sura ya jibu sahihi.

Kwa hiyo lazima maandishi yabanuliwe kwanza. Lakini si lazima yamwagwe kwenye folda. Amri ya unzip ikipewa chaguo la -p hubanua kilichomo na kukipitisha moja kwa moja kwenye programu nyingine, bila kuandika chochote kwenye diski. Mtu akiandika unzip -p hadithi.zip '*.txt' | wc -w, atapata jumla ya maneno ya nyaraka zote za maandishi matupu zilizomo ndani ya faili liitwalo hadithi.zip. Lugha ya Python nayo huja na moduli ya zipfile inayofanya kazi hiyo hiyo na kuruhusu kila waraka kuhesabiwa peke yake. Zipu inafaa sana kwa jambo hili kwa kuwa kila waraka ndani yake umebanwa kivyake. Waraka wa mia mbili unaweza kusomwa bila kuzigusa 199 zilizotangulia. Mafaili ya tar.gz, yanayopendwa na watumiaji wa Linux, hayana fadhila hiyo. Nyaraka hufungwa pamoja kwanza, kisha fungu zima hubanwa kama kitu kimoja, hivyo kuufikia waraka wa mwisho ni lazima kubanua kila kilichoutangulia.

Ugumu halisi huanza pale nyaraka zinapokuwa za Word, na nyaraka nyingi za ofisini ni za Word. Tangu toleo la mwaka 2007, waraka wenye kiishio cha docx wenyewe ni faili la zipu. Ukibadilishwa jina na kupewa kiishio cha zip, utafunguka na kuonyesha folda kadhaa: picha ziko kwao, mitindo ya herufi kwao, na maandishi yenyewe katika faili liitwalo document.xml. Nyaraka hizo zikitiwa ndani ya faili jingine la zipu, maneno yanakuwa yamefungwa mara mbili. Ubanaji wa pili haupunguzi ukubwa wowote wa maana, maana marudio yalikwisha kuondolewa mara ya kwanza, lakini programu ya kuhesabu lazima ivuke tabaka zote mbili. Orodha ya zipu iko mwisho wa faili, kwa hiyo waraka wa ndani huhitaji kupakiwa wote kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla haujafunguliwa.

Ndani ya folda ya docProps kuna faili dogo, app.xml, lenye idadi ya kurasa, ya herufi na ya maneno. Inavutia kuichukua namba hiyo na kumaliza kazi. Ni haraka sana na haihitaji kusoma maandishi yenyewe. Lakini namba hiyo iliandikwa na programu iliyohifadhi waraka mara ya mwisho. Kama waraka ulitengenezwa au kurekebishwa na programu nyingine isiyojishughulisha na namba hiyo, kinachobaki ni hesabu ya zamani, au sifuri. Inafaa kwa makisio ya haraka. Haifai kuwa msingi wa malipo.

Anayefungua document.xml hukuta maneno yaliyozungukwa na lebo. Kila aya ina lebo yake, na ndani ya aya maandishi hukatwa vipande, kila kipande na mtindo wake. Vipande hivi havifuati mipaka ya maneno. Mtu akirudi kwenye sentensi siku ya pili na kurekebisha silabi mbili, Word inaweza kulikata neno “Mwenyekiti” likawa “Mwenye” katika kipande kimoja na “kiti” katika kipande kingine, ingawa kwenye skrini hakuna dalili yoyote. Programu inayobadilisha kila lebo kuwa nafasi italihesabu neno hilo mara mbili. Programu inayofuta lebo zote bila kuacha nafasi itafanya kosa la upande wa pili: neno la mwisho la aya litagandana na neno la kwanza la aya inayofuata, na katika jedwali lenye visanduku mia maneno kadhaa yatapotea. Kanuni iliyo sahihi ni kuunganisha vipande vilivyo ndani ya aya moja bila nafasi, na kuweka mpaka penye mwisho wa aya, mwisho wa kisanduku cha jedwali, alama ya tabo na mkato wa mstari.

Visanduku vya maandishi vina mtego wao. Ili waraka usomeke pia katika matoleo ya zamani ya Word, maandishi yaliyo ndani ya kisanduku huhifadhiwa mara mbili, mara moja kwa mfumo mpya na mara moja kwa mfumo wa zamani. Msomaji huona kisanduku kimoja. Programu isiyolijua jambo hili huhesabu viwili. Kipeperushi cha afya kilichopangwa kwa visanduku pekee kinaweza kutoa karibu maradufu ya maneno yake.

Kuna pia maandishi ambayo hayamo katika document.xml kabisa. Tanbihi zina faili lake, maelezo ya mwisho lake, vichwa na miguu ya kurasa yake, na maoni ya wasomaji lake. Tasnifu ya sheria inaweza kuwa na maelfu ya maneno katika tanbihi, na mfasiri atazifasiri zote. Kwa upande mwingine, waraka uliohaririwa kwa kufuatilia mabadiliko bado unayatunza maneno yaliyofutwa hadi mtu ayakubali mabadiliko hayo. Maneno hayo yamo ndani ya faili, yana lebo ya kufutwa, na kwa kawaida hayapaswi kuhesabiwa. Hapa kompyuta haiwezi kuamua peke yake. Anayeagiza kazi na anayeifanya ndio wanaopaswa kukubaliana kama tanbihi, maoni na vichwa vya kurasa ni sehemu ya kazi, na makubaliano hayo yanafaa kuandikwa kabla ya kazi kuanza, si siku ya kudai malipo.

Jamaa wengine wa docx wana desturi zao. Lahajedwali la xlsx huhifadhi kila maandishi mara moja tu katika orodha ya pamoja. Kama neno “Imelipwa” limeandikwa katika visanduku 400, katika orodha hiyo limo mara moja, na visanduku hubeba namba ya kulirejelea. Anayehesabu orodha atapata neno moja, anayehesabu visanduku atapata 400, na kila mmoja ana hoja yake, kwa kuwa mfasiri atalifasiri mara moja ilhali msomaji ataliona mara 400. Mafaili ya wasilisho yana maelezo ya mzungumzaji yaliyofichika chini ya slaidi, pamoja na violezo vyenye maneno ya maelekezo ambayo hadhira haiyaoni kamwe. Kitabu cha EPUB, ambacho nacho ni zipu, hurudia majina ya sura katika yaliyomo.

PDF si zipu, ingawa maandishi yake mara nyingi hubanwa kwa njia ile ile ya Deflate. Tatizo lake ni jingine. PDF haihifadhi maneno. Huhifadhi mahali ambapo kila herufi inapaswa kuchorwa kwenye karatasi. Programu inayoisoma hukisia kwamba pengo fulani ni nafasi na kwamba mstari fulani unaendelea chini. Neno lililokatwa kwa kistari mwisho wa mstari huweza kuhesabiwa mawili. Na kama PDF ni picha ya karatasi iliyopitishwa kwenye skana, hesabu itakuwa sifuri hadi picha ipitishwe kwenye programu ya kutambua herufi. Sifuri hiyo ikijumlishwa kimya kimya pamoja na namba nyingine, mkataba wa kurasa sitini hutoweka katika bei. Programu nzuri huzitaja kando nyaraka zote zilizotoa sifuri.

Maandishi yakishapatikana, hubaki kuamua neno ni nini. Kanuni ya wc ni nyepesi: kila mfululizo wa alama uliotengwa kwa nafasi ni neno. Kwa Kiswahili kanuni hiyo hufanya vizuri kuliko inavyodhaniwa, maana ng'ombe hubaki ng'ombe mmoja. Programu zinazotenganisha penye kila alama isiyo herufi hulikata neno hilo kwenye ritifaa na kuhesabu mawili, na katika andiko kuhusu ufugaji au mashairi kosa hilo huwa la mamia. Muungano wa Unicode, unaosimamia misimbo ya herufi za lugha zote, umeweka kanuni ya kutambua mipaka ya maneno ambayo haikati kwenye ritifaa iliyo kati ya herufi mbili, na programu iliyoifuata haina tatizo hili. Kasoro ya kanuni ya nafasi iko kwingine: kistari kirefu kilichosimama peke yake kati ya nafasi mbili huhesabiwa kuwa neno, na anwani nzima ya tovuti huwa neno moja.

Tahajia nayo hubadilisha jumla. Anayeandika “kwasababu” na “kwahiyo” kwa kuunganisha ana maneno machache kuliko anayefuata tahajia sanifu. Kubwa kuliko yote ni lugha ipi inahesabiwa. “Hatukuwaandikia” ni neno moja la Kiswahili linalobeba nafsi ya mtenda, ukanushi, wakati, watendewa na kitendo. Kiingereza kinahitaji maneno sita kusema hayo. Kiswahili nacho hutumia maneno mafupi ya kuunganisha, ya, wa, la, cha, ambayo kila moja huhesabiwa, hivyo tofauti hupungua lakini haifutiki. Mfasiri anayelipwa kwa maneno ya Kiingereza cha asili na anayelipwa kwa maneno ya Kiswahili alichokiandika hawapati malipo sawa kwa kazi ile ile. Kichina, Kijapani na Kithai haviweki nafasi kati ya maneno, na kwa Kichina na Kijapani desturi ya kazi ya tafsiri ni kuhesabu alama za maandishi badala ya maneno.

Kabla ya namba yoyote kutolewa, faili la zipu linahitaji kusafishwa. Zipu iliyotengenezwa kwenye kompyuta ya Apple mara nyingi huwa na folda ya ziada iitwayo __MACOSX, yenye mafaili madogo yanayofanana kwa majina na nyaraka za kweli lakini yasiyo na maandishi. Word nayo, ikiwa imefungua waraka wakati folda inabanwa, huacha faili la muda lenye jina linaloanza na alama ~$. Yote hayo yarukwe. Nakala pacha zinaweza kugunduliwa hata bila kubanua chochote, kwa kuwa orodha ya zipu inatoa ukubwa na namba ya uhakiki. Nyaraka mbili zilizolingana katika vyote viwili karibu hakika ni kitu kimoja. Mbinu hiyo haiyanasi matoleo mawili ya mkataba mmoja yaliyotofautiana kwa sentensi moja. Hayo huhitaji jicho la mtu.

Zipu zilizofungwa kwa nenosiri kwa kawaida huonyesha majina ya nyaraka lakini si maandishi yake, kwa hiyo programu itaorodhesha na kushindwa kuhesabu. Nyingine hubeba zipu ndani ya zipu, na hapo tahadhari inahitajika. Faili maarufu liitwalo 42.zip lina ukubwa wa takriban kilobaiti 42 tu, lakini likibanuliwa tabaka zote hufikia petabaiti 4.5, kiasi ambacho hakuna kompyuta ya ofisini inayoweza kukimudu. Linatumia ubanaji ule ule wa Lempel na Ziv: marudio yakiwa makubwa mno, namba chache hutosha kuyaeleza. Programu inayopokea mafaili kutoka kwa watu wasiojulikana inapaswa kuwa na kikomo cha tabaka na cha jumla ya baiti, na kuacha kubanua mara kikomo kinapofikiwa.

Kwa upande wa hazina kubwa za maandishi, mfano mzuri ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Maandishi yake yote hutolewa hadharani kama faili moja lililobanwa kwa bzip2, njia iliyotungwa na Julian Seward miaka ya 1990. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulipakua na kuhesabu. Ila hesabu ya moja kwa moja hupotosha, kwa sababu ndani yake kuna lebo za XML, viungo, violezo, majedwali, majina ya wachangiaji na kumbukumbu za marekebisho. Makala fupi nyingi, kama zile za kata za Tanzania, hufuata sentensi za mfano mmoja. Mtafiti anayetaka kujua Kiswahili kilichoandikwa humo kina ukubwa gani lazima aondoe vyote hivyo kwanza, kisha aeleze bayana ameondoa nini, la sivyo namba yake haiwezi kulinganishwa na ya mwenzake.

Kwa mafaili makubwa kiasi hicho, watafiti wamejiuliza kama maneno yanaweza kuhesabiwa bila kubanua. Jibu linategemea namna ya kubana. Mwaka 1997 Craig Nevill-Manning na Ian Witten walieleza njia iitwayo Sequitur, inayobana maandishi kwa kuyageuza kuwa kanuni: fungu linalojirudia hupewa jina, na jina hilo huandikwa kila mahali pa fungu. Kanuni moja inaweza kuwa na majina ya kanuni nyingine ndani yake. Mipaka ya kanuni ikipangwa ifuate maneno, kila fungu huhesabiwa mara moja tu, kisha huzidishwa kwa idadi ya mara linapotajwa. Fungu la maneno kumi linalotajwa mara 5,000 hutoa maneno 50,000 kwa kuzidisha kumoja. Katika hesabu hiyo, marudio yaliyosaidia kubana husaidia pia kuharakisha. Deflate haikujengwa hivyo. Marejeo yake huanzia na kuishia popote, katikati ya neno au katikati ya silabi, kwa hiyo nyaraka za kawaida za ofisini lazima zibanuliwe ndipo zihesabiwe, hata kama ni ndani ya kumbukumbu ya kompyuta tu na kwa sehemu ndogo ya sekunde.